Usinyanyuke, Mama Dobi

Mtu mzima akichuchumaa mbele ya mita ya maji na kuitukana, kuna mawili: ama ana wazimu, ama ana mali. Shemeji, kama alivyojiita kila alikokwenda, alisimama asubuhi na mapema kwenye geti lililokuwa wazi nusu, maji ya mgao wa usiku yakiwa bado hayajakatika, akaomba Mungu liwe la pili.

“Zunguka! Zunguka tu, mwizi mkubwa we!” mzee alikuwa akiiambia mita. “Nani anaoga saa hizi? Jana si mlioga? Kwani mnalala kwenye makaa?”

Shemeji akautazama ua. Ulikuwa mpana, vyumba vya wapangaji vimejipanga pande mbili, na kila kilichofungika kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Bomba la uani lilikaa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Swichi ya taa ya nje ilikuwa na kibanda chake na kufuli. Hata pipa la taka lilikuwa na kufuli, ingawa hakuna aliyejua mwizi angefuata nini humo. Wapangaji walimwita mwenye nyumba wao Mzee Kufuli, kwa heshima akiwepo na bila heshima akiondoka.

Na pembeni kabisa, chini ya kivuli cha mabati, kulikuwa na pikipiki iliyofunikwa turubai na kufungwa mnyororo kwenye nguzo. Gurudumu la mbele tu ndilo lililochungulia. Moyo wa Shemeji ulimwenda mbio.

Hapa inabidi tuizungumzie miguu ya Shemeji. Utapeli, kama kazi nyingine za kuheshimika, una vifaa vyake, na cha kwanza ni usafiri. Shemeji alikuwa na ulimi wa asali na shati la mikono mirefu, ila usafiri hakuwa nao. Mara ya mwisho alimuuzia kinyozi mmoja mwenye kipara dawa ya kuotesha nywele. Kinyozi alimkimbiza mitaa mitatu, akamkamata kwenye ngazi za soko, na jino la mbele la Shemeji likabaki palepale. Tangu siku hiyo alikuwa akiota pikipiki usiku na mchana. Aliapa kwamba shughuli inayofuata ataondoka nayo akiwa ameketi.

“Shikamoo, shemeji yangu mkubwa.”

Mzee akageuka. “Marahaba. Shemeji kwa upande gani?”

“Upande wa bibi,” alijibu Shemeji, maana kila mtu ana bibi. “Pole sana na huyo adui.”

“Huyu? Huyu ananila nikiwa hai!”

“Ni kwa sababu umefungiwa maji na mafundi wa zamani, watu wa chuma na kutu. Mimi nafunga mabomba ya plastiki, haya yanayopinda. Unajua kwa nini bomba linapinda, mzee wangu?”

“Kwa nini?”

Shemeji akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti. “Ili lipite pembeni ya mita.”

Mzee Kufuli aliinuka. Alikwenda mpaka getini, akalifunga, akatia kufuli, kisha akarudi na kiti cha mgeni.

Maelezo yalikuwa matamu. Chini ya barabara ile, alisema Shemeji, linapita bomba kubwa linalopeleka maji kwa wakubwa. Wao hawajui mgao. Huku mtaani maji yanakuja usiku tu na mchana mabomba yanakohoa upepo, lakini bomba lile halijawahi kukauka tangu lilazwe. Ukilitoboa kidogo, ukachomeka bomba lako la plastiki, ukalipitisha chini ya ukuta mpaka getini, unaweka koki na kuwauzia majirani. Mita itabaki kimya kama bubu.

“Na wenye mita wakija kukagua?”

“Waisome. Si itasema hujatumia kitu?”

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha ghafla, kama wafanyavyo mabahili wakikumbuka malipo. “Na wewe unataka nini?”

Shemeji hakutaja fedha. Alinyoosha kidole kwenye turubai, bila haraka, kama mtu anayechagua embe sokoni.

Mzee akaitazama pikipiki, akamtazama fundi, akakuna kidevu. “Sikiliza, kijana. Maji yatoke hapa getini wiki nzima, mchana kweupe, na mshale wa mita usisogee. Nami nitaufungua ule mnyororo mbele ya mashahidi. Neno langu ni moja.”

Lilikuwa moja kweli, na Shemeji angelisikiliza vizuri angejua ni lipi. Lakini siku ile alikuwa akisikiliza kwa macho, na macho yalikuwa yameng'ang'ania lile gurudumu.

Ujanja wenyewe ulikuwa mwepesi kiasi cha kutia aibu. Mwisho wa ua, juu ya nguzo, lilikaa tangi kubwa la mzee, linalojaa usiku maji ya mgao yakija. Chini ya tangi kulikuwa na koki ya kulisafishia ambayo hakuna aliyeikumbuka, imefichwa na marundo ya mbao. Shemeji angeunga bomba kwenye koki ile, alivushe ua mzima chini ya udongo, alitokeze getini. Mzee angejiuzia maji yake mwenyewe na kumshukuru. Mchana mshale wa mita usingesogea, kwa kuwa mchana hakuna maji yanayoingia. Usiku ungezunguka kama pia, lakini usiku mzee huwa amelala.

Mzee alinunua bomba siku hiyohiyo, akaambiwa asishuhudie kazi. “Usichokiona huwezi kukitolea ushahidi,” alisema Shemeji, na mzee akaona kweli huyu ni ndugu. Akatoka kwenda kunywa kahawa.

Bomba lilikuja limeviringishwa pete juu ya pete, jeusi, limekazwa kwa kamba. Shemeji alikata kamba, na bomba likamrukia kifuani. Akalikanyaga upande huu, likainuka upande ule. Alichimba mfereji wa kina cha kiganja, akalilaza kwa mateke, akalifukia harakaharaka huku akitukana chini kwa chini.

“Hilo halijanyooka, shemeji,” ilisema sauti.

Alikuwa Mama Dobi, mpangaji wa chumba cha mwisho, anayefua nguo za watu na kuzipiga pasi. Kazi yake aliifanya katikati ya ua, chini ya kamba za nguo, karai mbele yake na kigoda chini yake.

“Unasemaje, dada?”

“Kitu kilicholala kimekunjwa kina mkunjo wake. Lianike juani kwanza, lilegee, ulinyooshe, ndipo ulizike. Tena lizike chini sana. Ukilifukia hivyo, jua likipiga litarudi lilikotoka.”

“Dada yangu,” Shemeji alisema kwa upole wa daktari, “wewe shughulika na suruali. Haya ni mambo ya kitaalamu.”

“Haya,” alisema Mama Dobi, akaendelea kusugua kola.

Shemeji alimalizia kwa kuchimba shimo kubwa nje ya ukuta, kando ya barabara, ili uwepo ushahidi wa jasho. Kisha akalifukia. Mzee aliporudi, koki mpya iling'aa getini. Akaifungua. Maji yakaruka. Akakimbilia mita, akachuchumaa, akautazama mshale. Mshale ulikuwa umelala usingizi wa pono.

Mzee Kufuli alicheza. Watu waliokuwepo wanasema hawakuwahi kumwona akicheza hata kwenye harusi ya binti yake, ambako wageni walipewa soda nusu nusu.

Kesho yake foleni ya madumu ilifika kona ya mtaa. Mzee aliwauzia majirani, akawauzia wapita njia, akawauzia na wapangaji wake mwenyewe. Shemeji alipewa stoo ya kulala na chai asubuhi, akaketi kivulini kama mkwe, akiipapasa pikipiki kwa macho.

Tatizo la kumtapeli bahili ni kwamba bahili hana kiasi. Siku ya pili, jua likiwa katikati, mzee alikuwa bafuni amejipaka povu kichwa kizima, na bomba la bafuni likakohoa, likakauka. Alitoka amejifunga taulo, macho ameyafumba, akipapasa ukuta. Getini nako koki ilikuwa imenyamaza, na wateja wakinung'unika.

“Shemeji! Kulikoni? Maji ya huku na ya kule yamekatika kwa pamoja!”

Mtu mwingine angetoroka. Shemeji alimshika mzee mkono kwa huruma. “Umeuza sana, mzee wangu. Wale wakubwa wamehisi, wakapunguza. Na haya yetu ya bafuni yameona wivu.”

“Maji yanaona wivu?”

“Mzee, umri wote huo hujui maji?”

Mzee aliona haya kukiri kwamba hajui, akaomba kopo la kusuuzia povu.

Tangu siku hiyo Shemeji alianza kufanya kazi. Naandika neno hili kwa masikitiko. Mtu aliyekimbia jembe, aliyekimbia duka la baba yake, sasa kila asubuhi mzee akienda kahawa alikuwa akiteka maji kisima cha mtaa wa pili, akiyabeba dumu begani, akipitia mlango wa nyuma, akipanda ngazi na kuyamimina kwenye tangi. Getini watu walitoka na madumu yaliyojaa. Nyuma yeye aliingia nayo yamejaa. Shingo ilimuuma, magoti yalimlia, na shati la mikono mirefu lilipasuka kwapani. Akiulizwa, alisema anamsafishia mzee tangi kama zawadi. Fundi wa kweli angekuwa amemaliza, amelipwa na amelala. Shemeji alilifikiria hilo kwa uchungu akiwa juu ya ngazi, kisha akaitazama pikipiki, akashuka kuchota lingine.

Katikati ya wiki jua likapiga kweli. Shemeji alikuwa kivulini akikanda bega, alipoona udongo unapumua. Katikati ya ua, palepale bomba lilipopita, ardhi ilivimba nundu, nundu ikapasuka, na mgongo mweusi ukachungulia. Mzee alikuwa hatua chache getini, akipokea fedha za watu, karibu ageuke.

Mama Dobi alinyanyuka, akasogeza kigoda, akakiweka juu ya nundu, akakalia. Bomba likazama chini yake. Akavuta karai, akaendelea kufua.

Shemeji alimsogelea. “Mama...”

“Juzi nilikuwa dada.”

“Mama yangu, shikamoo.”

“Marahaba. Usinong'one, mzee atadhani tunamsengenya. Shika hilo shuka ulikamue.”

Akalikamua. “Umejua lini?”

“Tangu siku ya kwanza. Nilitia buluu ya nguo kwenye tangi asubuhi, mchana nikanunua dumu getini, nikapata maji ya buluu. Nikajisemea, basi wakubwa nao wanafua.” Alicheka bila sauti. “Sasa nikinyanyuka hapa, na bomba linanyanyuka. Unaonaje?”

Shemeji alihisi pengo la jino lake linamwasha. “Usinyanyuke, Mama Dobi. Nakuomba. Sema unachotaka.”

“Sitaki kitu. Nataka shughuli yako ifike mwisho, ule mnyororo ufunguliwe, mzee atimize neno. Basi.”

“Basi tu?”

“Na hizi suruali, wewe ukamue. Viganja vyangu vimechoka.”

Shemeji aliondoka pale ameguswa rohoni. Miaka yote alikuwa hajakutana na mtu mwema asiyetaka kitu, na angekuwa na akili zake zote, angeogopa. Badala yake alikamua suruali za mtaa mzima mpaka wiki ikaisha, asubuhi akibeba maji, mchana akianika mashuka, huku Mama Dobi akikaa juu ya kigoda kuanzia jua la saa nne hadi alasiri, kama kuku aliyelalia mayai.

Siku ya malipo ikawa ya jua kali kuliko zote. Mzee Kufuli aliwaalika mashahidi wake, wenye nyumba wenzake wa mtaa ule, matumbo mbele na mikono nyuma, nao walikuja wakimezea mate ile koki. Kila mmoja alitaka fundi aende kwake pia.

“Fundi ni huyu,” mzee alijigamba. “Maji wiki nzima, mshale haujasogea! Na mimi neno langu ni moja.”

Shemeji aliinamisha kichwa kwa adabu. Alipokiinua, aliona udongo unavimba mahali pengine, hatua tatu kutoka kwenye pikipiki. Mama Dobi alikuwa amekaa juu ya nundu yake, hii ilikuwa mpya. Shemeji akaruka, akatua juu yake kwa mguu wa kulia. Bomba likamsukuma soli. Akakaza goti, akatabasamu.

Mzee alichomoa shada lake la funguo, akatafuta, akafungua kufuli. Mnyororo ukaanguka chini kwa kishindo. Akavuta turubai, na pikipiki ikasimama mbele ya watu wote, nyekundu, na vumbi lake.

“Haya, kijana. Njoo uichukue tukuone.”

“Naona raha kusimama hapa, mzee wangu,” alisema Shemeji, jasho likimtiririka. “Nairuhusu roho izoee.”

“Njoo bwana!”

“Nitakuja. Nirushie tu ufunguo wa kuwashia, niushike.”

Mzee Kufuli akatabasamu, na lilikuwa tabasamu ambalo Shemeji alilifahamu vizuri, kwa kuwa alilitumia kila siku kazini. “Ufunguo wa kuwashia? Huo sina. Mimi niliahidi kufungua mnyororo. Nimeufungua au sijaufungua, enyi mashahidi?”

“Umeufungua,” wakaitikia.

“Pikipiki bila ufunguo!” Shemeji alisahau adabu. “Kwani hii pikipiki ni ya nani?”

“Ni yangu,” alisema Mama Dobi.

Watu wote wakamgeukia. Alikuwa bado ameketi, akipangusa mikono.

“Ni yangu ya kupelekea nguo za watu. Niliiegesha hapo siku ya mvua kubwa, asubuhi nikakuta mnyororo. Mzee akasema kivuli ni chake, kwa hiyo kilicholala kivulini ni chake. Nimelia, nimebembeleza, hakufungua. Nimebeba mafurushi kichwani msimu mzima. Leo kafungua kwa mkono wake, mbele ya mashahidi.” Alifungua fundo la pindo la kanga yake, akatoa ufunguo mdogo unaong'aa. “Ahsante sana, Shemeji.”

“Usinyan...” alisema Shemeji.

Mama Dobi akanyanyuka.

Bomba lilitoka ardhini kama lililokuwa limeitwa kwa jina. Lilipasua udongo kutoka kwenye kigoda mpaka chini ya mguu wa Shemeji, likamwangusha chali, likaendelea mpaka getini likijiviringisha pete juu ya pete. Mwisho wake ukachomoka kwenye koki ya tangi, na maji ya mzee yakaruka juu ya mbao na kuwaogesha wenye nyumba wote, matumbo kwa migongo. Walipofuta nyuso, wakalifuata bomba kwa macho, taratibu, kutoka kwenye koki ya getini, katikati ya ua, hadi kwenye tangi.

“Kumbe mwenzetu,” mmoja wao akasema mwishowe, “ulikuwa unajiibia mwenyewe!”

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi kisimani. Mzee Kufuli alifungua mdomo kudai pikipiki, akawaona mashahidi wake. Alifikiria kwenda kushtaki, akakumbuka angeshtaki nini. Kilichobaki ni kumtafuta Shemeji, na macho yake yalipompata hayakuwa na ushemeji hata chembe.

Shemeji alikuwa amekwisha kuinuka. Pikipiki ilikuwa ikikohoa bila kuwaka, maana ilikuwa imekaa sana, na Mama Dobi alikuwa juu yake na furushi la nguo mapajani.

“Sukuma, Shemeji!” alipiga kelele. “Sukuma!”

Shemeji hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikiona kiti cha nyuma, kipana, kitupu, akajiona amekikalia. Aliweka bega lake linalouma nyuma ya pikipiki, akasukuma kwa nguvu zote alizozipata kwa kubeba madumu wiki nzima. Wakapita uani, wakapita geti, wakaingia barabarani. Injini ikakohoa, ikapiga chafya, ikanguruma. Shemeji akainua mguu apande.

Mama Dobi akalitupa furushi nyuma, kwenye kile kiti.

“Pole, baba, nguo za watu hizi!” alipaza sauti akitimua vumbi. “Na siku nyingine, lianike kwanza!”

Shemeji akabaki barabarani na mguu mmoja hewani. Alimtazama mama yule akipungua mpaka akaishia konani, na ukweli ni kwamba aliona uchungu, na ndani ya uchungu huo aliona pia fahari kidogo, kama mwanafunzi aliyepigwa na mwalimu anayejua kazi. Kisha akasikia nyuma yake shada la funguo likilia, na mbio za mzee mwenye hasira.

Akatoka mkuku. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ni wazi hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuipita kwa miguu, jua la utosi, na bega lililotoka kubeba maji.